Bega lililoshonwa: ni lini mtu arudi kwenye vyuma?

Tarehe 26 Mei 2018, katika fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya mjini Kyiv, Mohamed Salah alianguka huku mkono wake ukiwa umebanwa na Sergio Ramos, na kabla ya mapumziko akatoka uwanjani akilia. Usiku ule, kuanzia Mombasa hadi Kigoma, mashabiki walishuhudia bega likimtoa uwanjani mtu anayeishi kwa miguu yake. Siku 24 baadaye, tarehe 19 Juni, Salah alikuwa mjini Saint Petersburg akiifungia Misri penalti dhidi ya Urusi katika Kombe la Dunia.

Salah hakufanyiwa upasuaji. Mwenzake wa Uingereza, Jude Bellingham wa Real Madrid, aliteguka bega la kushoto Novemba 2023, akacheza takriban miezi 20 likiwa limefungwa kwa bandeji maalumu, na hatimaye akapasuliwa Julai 2025 kwa sababu lilikuwa likiteguka tena na tena. Septemba mwaka huo huo alikuwa amerudi uwanjani.

Mifano hii miwili hutajwa sana katika kumbi za mazoezi, na yote miwili humpotosha mtu anayenyanyua vyuma. Mchezaji wa kandanda hulihitaji bega ili apate mizani anapokimbia na ajikinge anapoanguka. Mnyanyua vyuma, mpagazi wa bandarini, mwashi na mama anayejitwisha ndoo ya maji hulitumia bega lenyewe kama chombo cha kazi. Isitoshe, nyuma ya mchezaji wa Real Madrid kuna kundi zima la madaktari wanaompima kila siku. Nyuma ya mlinzi wa usiku hakuna mtu.

Nawataja walinzi kwa sababu hapa Overport, mtaa ulio juu ya kilima cha Berea mjini Durban ambako nimeishi tangu nilipolazimika kuondoka nyumbani, swali la bega huulizwa kwa Kiswahili mara nyingi kuliko mtu anavyoweza kudhani. Durban ina Wakongo wa Kivu, Warundi na Watanzania wengi, na miongoni mwao wapo wenye shahada za vyuo vikuu wanaolinda magari ya watu madukani na milango ya kumbi za starehe. Katika kazi hiyo mwili ndio cheti. Baunsa aliyepungua kifua na mkono hupoteza zamu, na aliyepoteza zamu hupoteza kodi ya chumba.

Swali lenyewe huwa hivi: daktari alinishona kano ya bega, mkono umetoka kwenye kitambaa, maumivu yamekwisha, je, naweza kuanza tena kunyanyua? Mimi mwenyewe nilishonwa kano ya bega la kulia nikiwa na miaka 54, na nimelisikia swali hilo likiulizwa kabla na baada. Jibu lake hutegemea mambo matatu: kilichochanika, kilichofanywa na daktari, na kazi ambayo mwili bado unaifanya chini ya ngozi wakati mwenyewe anadhani amepona.

Chungwa juu ya kisahani

Kiungo cha nyonga kimekaa kama mchi ndani ya kinu: kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo refu, na si rahisi kuchomoka. Bega ni kinyume chake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na sehemu ya mfupa wa kombe la bega kinapoegemea ni ndogo na haina kina. Fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisahani cha kahawa. Wakati wowote ule, kati ya robo na theluthi tu ya chungwa hilo ndiyo inayogusa kisahani. Ndiyo maana mkono unaweza kufika mgongoni, kichwani na upande wa pili wa mwili, na ndiyo maana pia bega huteguka kuliko kiungo kingine chochote kikubwa cha mwili.

Kinachozuia chungwa lisidondoke ni ukingo wa gegedu uliozunguka kisahani, ligamenti zinazoshika mbele na chini, na misuli minne midogo inayotoka kwenye kombe la bega. Kano za misuli hiyo hukumbatia kichwa cha mfupa kama vidole vinavyoshika mpira. Watu hudhani kazi yake ni kunyanyua mkono. Kazi yake kubwa zaidi ni kukishikilia kichwa cha mfupa katikati ya kisahani wakati msuli mkubwa wa nje ya bega unapovuta. Kano ya juu inapochanika, kichwa hupanda, hugonga paa la mfupa lililo juu yake, na mtu hulalamika kwamba hawezi kulalia upande ule usiku.

Kano hizi huchakaa na umri. Baada ya miaka 50 kuchanika kwake huwa jambo la kawaida, na wapo watu wengi wenye kano zilizochanika ambao hawajawahi kusikia maumivu wala hawahitaji kisu. Kwa hiyo picha ya hospitalini inayoonyesha mpasuko si hukumu ya upasuaji. Daktari huutazama mpasuko pamoja na umri, nguvu, kazi ya mgonjwa na jinsi ulivyotokea.

Nyuzi hushika, mwili ndio unaoponya

Siku hizi upasuaji mwingi wa aina hii hufanywa kupitia matundu madogo, kwa kamera nyembamba. Daktari huingiza vijiti vidogo mfano wa nanga ndani ya mfupa, na nyuzi zilizofungwa kwenye nanga hizo huvuta kano iliyochanika hadi ilipokuwa imeshikamana na mfupa. Mtu akitoka chumba cha upasuaji, kano imerudi mahali pake. Lakini haijaota. Kinachoishikilia ni uzi.

Kuota kwa kano kwenye mfupa ni kazi ya polepole. Katika siku za mwanzo eneo huvimba na kujaa damu na seli za kusafisha. Wiki zinazofuata mwili hutandaza nyama changa, laini, isiyo na mpangilio. Kuanzia hapo, kwa miezi mingi, nyuzi za nyama hiyo hupangwa upya kufuata upande wa mvuto, na kazi hiyo inaweza kuendelea kwa mwaka mmoja na zaidi. Uvutaji wa sigara na kisukari kisichodhibitiwa huichelewesha.

Kwa sababu hiyo madaktari wengi huuweka mkono kwenye kitambaa cha kuuning'iniza kwa wiki nne hadi sita. Katika kipindi hicho mkono husogezwa na mtaalamu wa fiziotherapia, au na mkono mwingine, bila msuli ulioshonwa kufanya kazi. Zoezi la kwanza mara nyingi ni lile la kuinama, kuegemea meza kwa mkono mzima na kuuacha ulioshonwa uning'inie na kupepea kama timazi ya mwashi. Zoezi hilo bado huitwa kwa jina la Ernest Codman, daktari wa Boston nchini Marekani, aliyeandika kuhusu kushona kano hizi mwaka 1911 na kutoa kitabu kizima juu ya bega mwaka 1934.

Baada ya wiki sita hivi mgonjwa huanza kuunyanyua mkono mwenyewe. Mazoezi ya nguvu, yaani ya kushindana na uzito, kwa kawaida huanza karibu na wiki ya 12, na wenye mpasuko mkubwa husubiri zaidi. Kunyanyua vitu vizito juu ya kichwa hakufikiriwi kabla ya mwezi wa sita, na kwa wengine ni baada ya miezi tisa au mwaka. Haya ni makadirio. Daktari aliyeiona kano kwa macho yake ndiye anayejua ubora wake, na maelekezo yake ndiyo yanayotangulia.

Wiki ambazo maumivu yamekwisha

Kipindi cha hatari kuliko vyote ni kile cha kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Kitambaa kimevuliwa. Usingizi umerudi. Mkono unafika kichwani. Mgonjwa akijitazama kwenye kioo haoni tofauti isipokuwa msuli uliopungua, na kupungua huko ndiko kunakomkera na kumsukuma kurudi kwenye vyuma. Lakini kano chini ya ngozi bado ni changa. Mishono mingi inayofeli hufeli ndani ya miezi mitatu hadi sita ya kwanza.

Mwaka 2004 madaktari wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, wakiongozwa na Leesa Galatz, walichapisha matokeo ya wagonjwa 18 walioshonwa mipasuko mikubwa ya kano za bega. Walipowapima tena kwa mashine ya mawimbi ya sauti, walikuta kano zimechanika upya kwa wagonjwa 17. Ajabu ni kwamba, mwaka mmoja baada ya upasuaji, wengi wa wagonjwa hao walikuwa na nafuu kubwa, maumivu yamepungua na mkono unafanya kazi.

Mbinu za upasuaji zimeboreka tangu wakati huo, na mipasuko midogo hupona vizuri zaidi. Hata hivyo utafiti ule ulionyesha jambo ambalo kila anayerudi kwenye vyuma anapaswa kulijua: maumivu na kano ni vitu viwili tofauti. Bega linaweza kunyamaza huku mshono umeachia. Mtu wa kawaida anaweza kuishi na hali hiyo. Anayetaka kusukuma kilo 80 kutoka kifuani atagundua nguvu aliyoitarajia haipo.

Upande wa pili wa mizani kuna woga. Wapo wanaouacha mkono kwenye kitambaa miezi mitatu kwa kuhofia kuuchana, na wanapoutoa wanakuta bega limeganda, halipandi wala halizunguki. Wenye kisukari huathirika zaidi na kuganda huko. Ndiyo sababu mtaalamu hupanga mwendo kwa wiki na si kwa hisia za mgonjwa.

Nyumbani nako kuna vyuma

Maelekezo mengi ya hospitali huandikwa kwa mtu mwenye gari, mashine ya kufulia na maji ya bomba. Kwetu hali ni nyingine. Dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20, na hakuna daktari anayemruhusu mgonjwa wa wiki ya nane kunyanyua kilo 20. Kukuna nazi juu ya mbuzi ni kuzungusha bega mara mia kadhaa kwa mkao mmoja. Kutwanga kunarudia kuupandisha mkono juu na kuushusha kwa kishindo. Kumnyakua mtoto anayelia sakafuni ni kazi ya ghafla, na ghafla ndiyo adui wa mshono.

Usafiri nao una mitego. Katika daladala au matatu iliyojaa, abiria aliyesimama hujishikilia kwenye bomba la juu. Dereva akifunga breki, uzito wote wa mwili huning'inia kwenye bega lililoshonwa. Afadhali kungoja gari lenye kiti. Hapa Durban abiria wa teksi hukaa, lakini mlango wa kusukuma pembeni ni mzito na mara nyingi umekwama, na anayekaa karibu nao ndiye anayetarajiwa kuuvuta. Kaa nyuma.

Waislamu huuliza kuhusu sijida. Kusujudu huegemeza uzito wa mwili kwenye viganja huku mikono ikiwa mbele, jambo lisilofaa katika wiki za mwanzo. Mgonjwa huswali akiwa amekaa, na sheria ya dini inamruhusu. Kulala kwa kuegemea mito, nusu kukaa, husaidia usiku. Kuandika kwa kompyuta mkono ukiwa karibu na mwili kwa kawaida huruhusiwa mapema, habari njema kwa wahariri na mbaya kwa waandishi waliodhani watapumzishwa.

Mkono wa pili hauna sababu ya kulala. Mwaka 1894 Edward Scripture wa Chuo Kikuu cha Yale aliripoti kwamba kuuzoeza mkono mmoja huongeza nguvu ya mkono ambao haukuguswa, na tafiti za baadaye zimethibitisha. Sababu iko kwenye ubongo na neva zaidi kuliko kwenye nyama. Mgonjwa anayeufanyisha kazi mkono mzima wakati ulioshonwa uko kwenye kitambaa hupunguza hasara. Miguu pia huweza kuendelea, ilimradi chuma kisibebwe mabegani: mkao wa kukishika chuma nyuma ya shingo humlazimisha mtu kulipinda bega kwa nje hadi mwisho, na hilo ni la miezi ya baadaye.

Uzito wa mkono mtupu

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilijaza hospitali za jeshi la Marekani kwa askari waliovunjika na kukonda misuli. Daktari kijana, Thomas DeLorme, aliyekuwa Hospitali ya Gardiner mjini Chicago na ambaye yeye mwenyewe alikuwa akinyanyua vyuma, aliachana na desturi ya kuwapa wagonjwa uzito mdogo na marudio mengi yasiyo na mwisho. Aliwapa uzito mkubwa wanaoweza kuunyanyua mara chache, akiupandisha kila walipoongeza nguvu. Aliuchapisha mpango wake mwaka 1945. Baadaye aliuweka katika awamu tatu za marudio kumi: ya kwanza kwa nusu ya uzito, ya pili kwa robo tatu, ya tatu kwa uzito kamili. Kila anayefanya “kumi mara tatu” leo, Kariakoo au Eastleigh, anamfuata daktari yule bila kumjua.

Kanuni yake ingali hai, lakini kwa bega lililoshonwa hesabu huanzia mbali na vyuma. Mkono wa binadamu una takriban asilimia tano ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 80 ana mkono wa kilo nne. Anapounyoosha mbele, uzito huo haupo kwenye bega bali katikati ya mkono, na kano fupi iliyo karibu na kiungo hulazimika kuvuta kwa nguvu mara nyingi zaidi ili kuusawazisha. Kuunyanyua mkono mtupu ni mazoezi ya nguvu tayari. Ukikunja kiwiko mzigo hupungua karibu nusu. Ndiyo maana mtaalamu huanza na kiwiko kilichokunjwa, au humlaza mgonjwa chali.

Hatua inayofuata ni kusukuma ukuta bila mkono kusogea: ngumi kwenye ukuta, kiwiko ubavuni, nguvu kidogo kwa sekunde tano, kisha kuachia. Halafu huja mpira wa kuvuta. Taulo iliyokunjwa huwekwa kati ya kiwiko na mbavu, na mkono huvuta mpira kwa nje, kisha kwa ndani. Mahali ambapo mipira ya hospitali haipatikani, ukanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli hufanya kazi ile ile. Upana wa ukanda ndio uzito.

Tatizo la dambeli ni hatua zake. Kutoka kilo moja kwenda mbili ni kuongeza maradufu, wakati kutoka kilo 40 kwenda 41 ni asilimia mbili na nusu tu. Chupa ya nusu lita ni bora katika kipindi hiki: ikiwa na maji ina nusu kilo, na ukiijaza mchanga mkavu inafika takriban gramu 800. Kati ya hapo unaweza kuongeza kijiko kwa kijiko. Yale makopo ya rangi yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba, ambayo ndiyo vyuma vya vijana wengi katika vitongoji vyetu, yana kasoro nyingine: upande mmoja huwa mzito kuliko mwingine, na hakuna ajuaye kwa kiasi gani. Kabla ya kuyarudia, yapimwe kwenye mizani ya duka la mahindi.

Wataalamu wengi hutumia kipimo hiki: maumivu wakati wa zoezi yasizidi mawili au matatu kwa kumi, na yawe yametulia ndani ya saa 24. Yakivuka hapo, uzito unarudi hatua moja nyuma. Bega likianza kuuma usiku baada ya wiki za utulivu, hilo ni jibu tosha hata kama mazoezi yenyewe hayakuuma.

Vyuma vyenyewe hurudi kwa mpangilio. Kuvuta hutangulia kusukuma, kwa kuwa kuvuta mpira au kamba kuelekea kifuani huamsha misuli ya kombe la bega bila kukigonga kichwa cha mfupa juu. Kusukuma huanzia ukutani, hushuka kwenye meza, kisha kwenye benchi, na mwisho pushapu za sakafuni. Anayerudi kulala chali na kusukuma chuma aweke taulo nene kifuani ili viwiko visishuke nyuma ya mwili, na ashike chuma kwa upana mdogo kuliko zamani. Kusukuma juu ya kichwa huja mwisho. Kushusha chuma nyuma ya shingo, na kujishusha katikati ya fito mbili, kwa mtu wa umri wangu sioni faida inayolipa hatari yake.

Si kila kisu ni kimoja

Yote niliyoeleza yanahusu zaidi kano zilizoshonwa. Aliyepasuliwa kwa sababu bega lilikuwa likiteguka ana mipaka tofauti. Upasuaji wa kushona ukingo wa gegedu ulielezwa na Arthur Blundell Bankart mjini London mwaka 1923. Ule wa kuhamisha kipande cha mfupa kuziba mbele ya kiungo ulielezwa na Michel Latarjet wa Ufaransa mwaka 1954, na hupendekezwa sana kwa wacheza raga, mchezo ambao Durban, makao ya timu ya Sharks, inaujua vilivyo. Mkao wa kuogopwa hapo ni ule wa mtu anayetaka kurusha jiwe: mkono umepanda pembeni na kugeuzwa nyuma. Aliyehamishiwa mahali kano ya msuli wa mbele ya mkono haruhusiwi kukunja kiwiko kwa uzito kwa wiki kadhaa. Aliyevunjika mtulinga akawekewa chuma husubiri picha ya eksirei ionyeshe mfupa umeunga. Na aliyewekewa kiungo cha bandia mara nyingi hupewa mpaka wa uzito wa maisha yake yote.

Watu wawili waliopasuliwa bega wiki moja, hospitali moja, wanaweza kuwa na ratiba zisizofanana hata kidogo. Kuiga mazoezi ya jirani wodini ni kamari.

Nani atakuongoza?

Afrika Kusini ina taaluma ambayo nchi zetu nyingi hazina. Kati ya fiziotherapia na ukumbi wa mazoezi yupo mtaalamu wa baiokinetiki, aliyesajiliwa na baraza la taaluma za afya, ambaye kazi yake ni kumchukua mgonjwa aliyemaliza matibabu na kumrudishia nguvu kwa mazoezi yaliyopimwa. Huduma hiyo ni rahisi kwa wenye bima. Hospitali za umma zina foleni ndefu, na sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inawapa wakimbizi haki ya huduma za msingi za afya sawa na wenyeji.

Sheria ni jambo moja, mlango ni jingine. Katikati ya mwaka 2025 makundi ya waandamanaji yalisimama kwenye milango ya hospitali na zahanati za umma mjini Durban, ikiwemo Addington, yakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamua kwamba kundi la Operation Dudula halina mamlaka ya kudai vitambulisho vya watu wala kuwazuia kupata matibabu. Kwa mgonjwa wa bega, miadi miwili iliyokosekana kati ya wiki ya sita na ya kumi si usumbufu mdogo. Ni tofauti ya bega linalozunguka na lililoganda. Overport yenyewe ina kumbukumbu ya aina hii: hospitali ya McCord, iliyofunguliwa hapa mwaka 1909 na mmisionari wa Kimarekani James McCord kwa ajili ya Waafrika, ilipingwa na wakazi wazungu wa Berea waliotaka wagonjwa hao wapelekwe kwingine. Leo ni hospitali ya macho ya jimbo.

Nyumbani, vituo vyenye uzoefu wa mifupa vipo: Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, KCMC mjini Moshi, hospitali za Kikuyu na Kijabe nchini Kenya, CoRSU karibu na Kisubi nchini Uganda. Kinachokosekana ni mtu wa kumfuata mgonjwa akisharudi wilayani. Wengi hupewa karatasi moja ya mazoezi na tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na katikati ya hapo huangukia mikononi mwa mkandaji anayelivuta bega kwa mafuta ya moto. Kukandwa misuli ya shingo na mgongo hakudhuru. Kuvutwa mkono ulioshonwa kunadhuru, na mgonjwa ana haki ya kukataa hata kama mkandaji ni mjomba.

Dalili zisizongoja miadi ni hizi: homa au usaha kwenye kidonda, mlio wa kuchanika ukifuatwa na udhaifu wa ghafla, mkono ulioweza kupanda jana na leo haupandi, ganzi inayoshuka hadi vidoleni, au mkono uliovimba wote na kubadilika rangi.

Na kwa wale wanaohamahama kama sisi, lipo jambo la kudai kabla ya kutoka hospitalini: ripoti ya upasuaji. Iandikwe ni kano zipi zilishonwa, mpasuko ulikuwa na ukubwa gani, ni nanga ngapi zilizowekwa na za aina gani, na mkono hauruhusiwi kuvuka wapi kwa wiki ngapi. Mtaalamu wa Bujumbura, Tanga au Toronto atakayeisoma hatahitaji kubahatisha. Ipige picha kwa simu, itume kwa mtu unayemwamini, na nakala iliyochapwa ikae pamoja na hati ya kusafiria.